Mlimau wa Bibi Argia Mikononi Mwangu

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Naandika kwa wino, si kwa penseli.

Bibi Argia amepelekwa Firenze, kwenye nyumba ya mazoezi, akajifunze kutembea upya na nyonga yake ya chuma. Atarudi Jumapili ya tarehe 18 Mei. Kabla gari halijaondoka aliteremsha kioo, akatuita wote. Binamu yangu Lapo alikwisha jisogeza mbele na ule uso wake wa padri mdogo. Lapo anasoma shule ya kilimo, mwaka wa nne. Mfukoni mwa shati, pale watu wanapoweka kalamu, yeye ana kijiti cha kupimia udongo. Bibi akamruka kwa macho. Akanipa mimi ufunguo wa stoo. Akasema mlimau wake ni jukumu langu mpaka arudi.

Mimi! Neri! Niliyerudia kidato cha pili mara mbili, mara ya tatu nikawahurumia walimu, nikaondoka.

Mama yake Lapo akamuuliza dereva, kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, kama mgonjwa alipewa dawa kali asubuhi.

Bibi akanipa na daftari hili. Kila nitakachoufanyia mti niandike. Nikikosa la kuandika, niandike ninachoshukuru. Haya, naanza: nashukuru hakumpa Lapo.

Mti wenyewe hoi. Tangu Bibi aanguke mwezi wa pili hakuna aliyeutazama. Upo stoo tangu baridi ianze, umenyong'onyea, majani yamekuwa ya manjano. Nimeyahesabu. Sitini na tatu. Babu aliuleta mgongoni mwa pikipiki, umefungwa kwa mkanda wa suruali yake, wiki aliyozaliwa mama yangu. Babu hayupo tena. Mti upo, na Bibi huuamkia kila asubuhi kabla hajatuamkia sisi. Ukifia mikononi mwangu nitahamia Livorno nikabebe mizigo bandarini, nibadili na jina.

Lakini hautafia. Nina kipaji. Ni vile tu hakijapata nafasi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mpango wa kwanza: maji.

Kitu kikisinyaa kina kiu. Hilo halihitaji shule. Lapo anasema msimu huu mlimau wa stoo hunyweshwa mara moja kwa wiki. Mimi nimeunywesha mara tatu kwa siku, ndoo nzima. Hesabu ni nyepesi: mara ishirini na moja kwa wiki, basi utapona kwa kasi ya mara ishirini na moja. Nashangaa watu wanasoma miaka minne kwa jambo kama hili.

Majani yaliyoanguka: kumi na mawili. Mabovu yanapisha mazuri.

Saa kumi Mzee Osvaldo akachungulia juu ya ukuta. Ni jirani yetu, alitunza bustani ya jumba la kilimani miaka arobaini, na hajaacha kutunza za wengine kwa mdomo. Akaingia stoo bila kukaribishwa. Akakunja kidole, akakigonga chungu. Ko. Kama kugonga godoro lililokojolewa. Akaniuliza nimelima limau humu au mpunga. Akaanza kunieleza kwamba chungu kikavu hulia kama kengele, na kilichojaa maji huguna tu.

Nalijua hilo. Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea analijua. Nilikuwa namsubiri aseme yeye kwanza, kwa heshima.

Jumapili, 6 Aprili

Aibu. Naandika hata hivyo.

Bibi kapiga simu baada ya chakula cha mchana. Kaulizia mti kabla ya kuulizia watu. Nikamwambia unanawiri, haujawahi kunawiri hivi. Akasema vizuri, sasa niiweke simu karibu na chungu, nigonge, asikie mwenyewe.

Masikio ya Bibi! Kengele ya mlangoni haisikii, lakini chungu atakisikia toka Firenze. Jasho likanitoka. Ningegonga kile chungu chenye bahari ndani ningekuwa nimekwisha. Ndipo akili ikafanya kazi. Pembeni palikuwa na chungu kingine, kitupu, kikavu tangu mwaka juzi. Nikakigonga hicho. Tiiing! Kama kanisani siku ya Pasaka.

Upande wa pili mayowe. Mti wake umekauka! Unakufa kwa kiu! "Maji, Neri! Maji sasa hivi, ndoo mbili, na niyasikie yakimwagika!"

Ningefanyaje? Bibi ni Bibi. Nikaumwagia mlimau ndoo mbili, simu nimeibana kwa bega, na mti wenyewe ulikuwa tayari unaogelea.

Ningeweza kuyamwaga kwenye kile chungu kitupu. Wazo hilo limenijia sasa hivi, naandika.

Lapo alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Aliondoka mabega yakimtikisika. Nashukuru hakuomba aongee na Bibi.

Alhamisi, 10 Aprili

Majani: thelathini na manane. Sasa hata mazuri yanayapisha mabovu.

Nimemeza kiburi nikamwendea Mzee Osvaldo. Kaniambia niupandishe mti juu ya matofali, maji yachuruzike, nisiuguse siku kadhaa. Nisubiri. Huo nao ni mpango? Mtu yeyote anaweza kusubiri. Mimi nilipewa ufunguo nifanye kitu.

Nikamwuliza hakuna chakula cha kuutia nguvu. Akasema kipo, udongo ukishakauka: lupini, zile mbegu bapa kama maharage. Alitumia baba yake, alitumia babu yake, kila mlimau wa chungu katika milima hii umekula lupini. Konzi moja, zilizosagwa, juu ya udongo. Akawa anataka kunieleza nizitoe wapi na zitayarishweje, lakini mimi nilikwisha panda baiskeli.

Nashukuru kuna wazee wanaosema mambo kwa ufupi.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya ushindi!

Duka la mbegu lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Baa ya Fosca haifungwi. Na Fosca ana nini kaunta? Lupini! Zile za manjano, laini, tunazomenya kwa meno na kutafuna na bia wakati wa mpira. Nikaomba kilo tatu. Fosca akauliza harusi ya nani. Nikamwambia si harusi, ni za mgonjwa, wa nyumbani, hali mbaya. Machozi yakamlengalenga. Akanipa ndoo nzima bure, pamoja na maji yake yaliyoloweka lupini. Mungu ambariki Fosca. Mama mwenye huruma kuliko wote wanaonidharau mtaani.

Mzee alisema konzi moja. Lakini konzi moja ni ya mti mzima wa afya. Huu ni mgonjwa. Nimeutia zote, nikazitwanga kwa kisigino cha kiatu, ukitoa nilizokula mwenyewe njiani, ambazo si nyingi, labda robo. Na yale maji nayo nimeyamwaga mle mle. Utamu wote huwa umetoka ukaingia majini, nani atupe?

Mti ukanywa yote. Haukupumua.

Lapo akapita, akanusa hewa, akauliza panatoka harufu gani. Nikamwambia siri ya kazi.

Jumatano, 16 Aprili

Yamebaki saba. Kingo zimeungua, kama mtu amepiga pasi ya moto akaisahau.

Lapo amekuja bila kuitwa. Nilimngoja atoe kijiti chake cha kupimia. Hakukitoa. Alibana udongo kidogo kwa vidole, akautia ulimini. Uso wake! Akatema. Kisha akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma: "Ndugu yangu Neri, hizi lupini umezitoa wapi?"

Nikamwambia. Akakaa chini, sakafuni, na suruali yake ya shule.

Zile za Fosca hukaa kwenye maji ya chumvi. Za mti hununuliwa kavu duka la mbegu, hazijui chumvi maisha yao yote. Nimemnywesha marehemu babu yangu, yaani mti wake, ndoo ya chumvi.

Lapo akamwita Mzee Osvaldo. Mzee akainua mikono juu, akapaaza sauti hadi barabarani. Kwamba sisi ni watu ambao hata mkate wetu hatuutii chumvi, tangu enzi za mababu, mgeni akila anadhani mwokaji kasahau. Na leo amezaliwa mmoja wa kutia mti chumvi! Ilipofika saa kumi na moja jina langu lilikuwa limebadilika bila kuhamia Livorno. Mtaa mzima wananiita Chumvi.

Nilidhani wataondoka waniache na msiba wangu. Hawakuondoka. Lapo alivua koti. Tuliutoa mti chunguni sisi watatu, mmoja kashika shina, mmoja kashika chungu, mmoja anatukana. Tukaosha mizizi kwa maji ya mvua ya kwenye pipa. Tukaosha tena. Mara tano. Iliyooza Mzee akaikata, nyeusi, inanuka kama soksi za mchezaji wa akiba. Tulipofika kwenye udongo mpya hapakuwa na udongo. Lapo akatoweka, akarudi na gunia begani. Udongo aliouchanganya mwenyewe mwezi mzima, kwa mtihani wake wa vitendo wa Ijumaa. Nikamwuliza, na mtihani? Akasema nishike ndoo, niache maneno.

Namshukuru Lapo. Nimeandika kwa penseli, ili ikibidi ifutike. Lakini nimeandika.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikukuu ya Ukombozi. Watu wamepeperusha bendera, mimi sina hata jani moja la kupeperusha. Sifuri. Ni fimbo ndani ya chungu.

Nimekwenda Firenze kumwona Bibi. Sikuweza kwenda mikono mitupu, nikapiga picha ya mlimau wa Mzee Osvaldo, kwa pembeni kidogo, jua likiwa nyuma. Mlimau mtamu wa kutazama, matunda kama taa. Bibi akavaa miwani. Akaitazama picha muda mrefu. Akasema mti umependeza sana, na nimfikishie salamu Mzee Osvaldo, nimwambie madirisha yake hapo nyuma yanataka rangi.

Nilitamani sakafu inimeze.

Hakunigombeza. Alinigawia nusu ya maziwa mgando yake, akasubiri nimalize. Kisha akanisimulia, kama mtu anayeongea na dirisha, kwamba barafu ile kubwa ya mwaka themanini na tano iliuacha mti huu mtupu kabisa. Babu alitaka kuupasua kuni. Bibi aliuficha msumeno. Wakasubiri mpaka Juni. Akasema usiguse, mjukuu wangu, usiguse tu.

Nilitaka kumwambia habari za chumvi. Koo likakauka. Lingelia tiiing.

Nashukuru kwa maziwa mgando. Nashukuru zaidi kwa alivyotazama dirishani na si usoni mwangu.

Jumatatu, 5 Mei

UMEFUFUKA!

Chipukizi tatu! Chini, karibu na udongo, kijani kibichi, nene, kila moja ndefu kama kiganja changu! Nimekimbia mtaa mzima. Nimemwambia Fosca, nimemwambia padri, nimemwambia mleta barua ambaye hata si wa mtaa huu. Nilikuwa nawauliza wote: Chumvi nani sasa?

Lapo kaja, kainama, kaniuliza kama nimeiona miiba. Nimeiona, nikasema, ni dalili ya nguvu. Akasema ni dalili ya mdanzi, ule mchungwa mchungu. Kwamba mti huu umebebeshwa, kama milimau yote ya vyungu: juu limau, chini mdanzi, umeunganishwa hapa penye kovu. Chipukizi zangu zinatoka chini ya kovu. Nikiziacha nitapata madanzi machungu ya kumliza nyumbu, na zitakula chakula chote mpaka limau lililobaki juu life njaa.

Nikamwambia ana wivu. Nikamwambia shule imemfundisha kuua furaha za watu. Akaondoka.

Nikawaza. Wanangu watatu wanahitaji nafasi na mwanga. Kule juu ni matawi makavu tu, yanaziba. Nikaenda kuchukua msumeno. Nikauweka meno juu ya shina, juu kidogo ya kovu. Nikavuta pumzi.

Mzee Osvaldo akaruka ukuta. Ana miaka sabini na minane. Aliuruka! Akanikamata kifundo cha mkono, akihema, hawezi kutukana kwa kukosa pumzi, na hilo peke yake lilinitisha. Akanionyesha kwa ukucha wa kidole kidogo. Kwenye tawi kavu, palepale nilipotaka kukata, palikuwa na kidoa. Kidogo kama dengu. Cha zambarau.

Limau likichipua, huja na rangi ya zambarau. Hapa kwetu kila mtu anajua. Mimi pia. Nilidhani ni mdudu.

Lapo alirudi, sijui nani alimwita. Alikuwa na mkasi wa bustani. Hakukata yeye. Alinipa mimi, mpini mbele. Nikazikata chipukizi zangu tatu moja moja. Jicho likaingiwa na mdudu, jicho la kushoto, kisha na la kulia. Lapo na Mzee wakawa wanatazama paa la jirani kwa makini sana.

Nawashukuru kwa hilo kuliko kwa udongo.

Jumapili, 18 Mei

Bibi amerudi.

Tuliutoa mti nje, uani, upande wa jua. Majani kumi na moja. Madogo, laini, kingo bado zina zambarau. Kumi na moja kutoka sitini na tatu. Nilifua shati. Nilisugua kucha, hazikutakata. Usiku kucha nilikuwa nimetunga hotuba yenye wadudu, ukame na majirani wenye husuda.

Akashuka na fimbo yake. Mama yake Lapo alikuwa ameandaa meza, mkate wa kubanika na maini ya kuku. Bibi akaipita meza. Akatupita sisi. Akafika kwenye mti, na hata majani hakuyatazama. Akakunja kidole, akagonga chungu. Akatega sikio. Akagonga tena. Hakikulia tiiing, hakikulia ko. Bibi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeitikiwa salamu.

Hotuba ikanitoka kichwani. Nikasema yote badala yake. Ndoo tatu kwa siku. Chungu kitupu. Baa ya Fosca. Picha. Msumeno. Mbele ya watu wote, na maini yakipoa. Ilichukua muda.

Bibi akasema anajua. Mzee Osvaldo alimpigia simu kila siku tangu kesho yake ya zile ndoo mbili. Siku ya chumvi walicheka mpaka muuguzi akaingia kuangalia kama nyonga imefyatuka.

Nikamwuliza, basi kwa nini hukumpa Lapo? Mti usingeteseka. Akashangaa, kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yameloa. Lapo huamka alfajiri bila kuambiwa, akasema, ana mitihani, ana mambo yake. Kisha akamgeukia mama yake Lapo: "Mimi nilimwacha mtoto huyu analala mpaka saa sita mchana. Leo nimefika, nani alinifungulia lango? Na shati limefuliwa!"

Mtoto. Nina miaka kumi na tisa. Niliacha ipite.

Akaushika mkono wangu, kucha chafu na yote, akasema asante, mjukuu wangu. Kwa sauti. Mtaa ulikuwa umejaa langoni. Sijawahi kuambiwa asante mbele ya mtaa, isipokuwa pale wanaponiomba niondoke.

Nashukuru. Hapa sifanyi utani. Nashukuru kwa Lapo na udongo wake, kwa Mzee na ukuta wake, kwa Bibi aliyecheka huko mbali badala ya kulia. Nimeandika kwa wino.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeamka saa kumi na mbili. Nina kazi mpya!

Bibi kaniteua mimi kusimamia mazoezi yake. Lapo alikuwa amesimama hapo hapo, na kalamu tayari. Mimi! Baada ya mafanikio ya mlimau, sishangai.

Nimesoma karatasi ya daktari. Hatua ishirini asubuhi, hatua ishirini jioni, katikati apumzike. Wiki nane. Ni wazi aliyeandika hana haraka, analipwa kwa mwezi. Mimi nimepiga hesabu. Hatua arobaini kwa siku, atapona Julai. Hatua mia nne, atapona Jumamosi. Nimekwisha chora njia: kutoka lango, kupanda hadi kanisani, ngazi thelathini na nane, kuzunguka kisima, na kurudi kwa mteremko, ambako miguu itakuwa inajiendea yenyewe.

Lapo kasema tufuate karatasi. Wivu haujamwisha, maskini, na mimi nampenda hivyo hivyo.

Bibi kaitazama ramani yangu. Kaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina hakika najua ninachofanya.

Nikamwambia aulize mlimau.